Pikipiki Kuukuu Yataka Hewa Safi, Si Hewa Nyingi



Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alituachia Honda CG125 chini ya ngazi ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale. Alikuwa akiiendea kazini, na jioni akitupakia sisi watoto kwa zamu kutupeleka madrasa. Baada ya yeye kuondoka, ilikaa zaidi ya miaka kumi imefunikwa turubali. Mwaka juzi nikasema hii ni amana, haifai kuozea gizani. Nikaanza kuifufua.

Injini ilikuwa nzima. Tangi lilisafishika, nyaya zikabadilishwa. Kilichokosekana ni kimoja tu: boksi la hewa, lile la plastiki linalokaa nyuma ya kabureta na kushika filta ndani yake. Lilikuwa limekauka kwa joto na kupasuka vipande.

Fundi akanicheka. "Shekhe, boksi la nini tena? Nitakutilia filta ndogo ya mviringo, inabanwa kwa klipu tu. Pikipiki kuukuu hutaka kupumua." Bei ilikuwa ndogo, nami nilikuwa na haraka. Nikakubali.

Ilipendeza kwa miezi minne. Mlio ukawa mzito, vijana barazani wakisimama kuisikiliza. Kisha ikaanza kutoa moshi wa buluu na kukosa nguvu kwenye kilima kidogo tu. Tulipoifungua, silinda ilikuwa na mikwaruzo kama iliyopigwa msasa, na ringi zimelika. Ikabidi silinda ipanuliwe karakana na kutiwa pistoni ya saizi kubwa. Gharama ile ingeninunulia maboksi ya hewa kadhaa. Simlaumu fundi peke yake, kwani mwenye mali ni mimi na sikuuliza. Naandika leo ili wewe uulize kabla ya kulipa.

Injini inavuta nini?

Injini ya aina hii ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 125, na huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na eksileta imevutwa yote, inaweza kuvuta hadi lita 375 za hewa kwa dakika moja. Hayo ni zaidi ya madebe 18 ya lita 20. Sasa fikiria hewa ya barabara zetu wakati wa kaskazi, vumbi limetanda na mchanga unapeperuka. Punje za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na oili zinakuwa dawa ya kusagia. Tena injini hizi hazina filta ya oili ya karatasi kama ya gari. Zina chujio cha waya na kisahani kinachozunguka kutupa uchafu pembeni. Vumbi laini likishaingia, litazunguka na oili humo humo.

Jambo la pili ni kipimo. Petroli ili iungue sawasawa hutaka hewa takriban mara 14.7 ya uzito wake. Kabureta hutoa petroli kupitia jeti, kitundu kilichopimwa. Kiwanda kilichagua jeti hiyo kwa kuzingatia boksi la hewa lililokuwapo. Boksi halichuji tu. Linatuliza hewa kabla ya kufika kabureta na kupunguza kelele. Ukiliondoa, hewa inaingia kwa wingi na jeti ni ile ile, basi mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli haitoshi. Injini inachemka kupita kiasi, na ncha ya plagi inatoka nyeupe badala ya kahawia. Ya kwangu ilikuwa nyeupe kama chokaa, nami nikadhani ni dalili ya usafi!

Njia ziko tatu

Ya kwanza ni mdomo wa tarumbeta, bomba fupi lililo wazi bila filta yoyote. Utaliona kwenye picha za pikipiki za mashindano. Mashine ya mashindano hufunguliwa kila mara na kubadilishwa ringi, na mwenyewe ameshaikubali gharama hiyo. Kwa pikipiki ya kwenda sokoni na msikitini, njia hii ni kuiua injini kwa mkono wako.

Ya pili ni hiyo filta ya kubana kwa klipu. Si haramu, lakini ina masharti. Pima kwa milimita upana wa nje wa mdomo wa kabureta, usikisie. Tazama raba ya ndani ya filta isizibe vitundu vidogo vilivyoko kwenye mdomo huo, kwa sababu ndivyo vinavyopitisha hewa injini inapozunguka polepole. Chagua yenye sponji nzito au kitambaa cha kutiwa oili. Ile ya wavu mwembamba unaopenya mwanga huzuia nzi tu. Ikinge na maji, maana wakati wa masika gurudumu la nyuma litairushia matope. Mwisho, lazima upandishe namba ya jeti, hatua moja moja, huku ukichunguza plagi. Fundi akikuambia jeti haihitaji kuguswa, mshukuru na uende kwa mwengine.

Wenye pikipiki kubwa za zamani waongeze tahadhari. Honda CB350 ya silinda mbili, iliyotoka mwaka 1968, ina kabureta za diaframu, ambazo bamba lake hupandishwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa. Kabureta za namna hii huvurugika haraka hewa isipotulia, na pikipiki hukohoa katikati ya mwendo hata ukibadilisha jeti mara kumi. Kwa hizo, boksi lake la asili ni bora.

Ya tatu ni kurudisha boksi. Hii ndiyo niliyoishia nayo, na ndiyo ninayokushauri. Kwa CG125 tuna bahati: injini nyingi za boda boda zetu zimeigwa kutoka kwayo, kwa hiyo spea zake zimejaa madukani. Nilinunua boksi la boda. Halikukaa moja kwa moja. Nilitengenezewa kishikio cha bati, lakini mdomo wa raba ulilingana na kabureta. Nikarudisha jeti ya namba ya asili, plagi ikarudi rangi ya kahawia.

Usipoziba ufa

Lolote utakalochagua, kagua raba mbili. Raba ya mbele ni ile iliyo kati ya kabureta na injini. Ikipasuka, hewa ya pembeni inaingia na mchanganyiko unakauka. Washa injini, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, hapo pana ufa. Raba ya nyuma ni ile ya kati ya boksi na kabureta. Ikipasuka, vumbi linapita bila kuchujwa hata kama filta ni mpya. Jua na chumvi ya bahari havina huruma na raba, na wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sponji nayo haidumu bila huduma. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji, uianike kivulini. Usitumie petroli, ni hatari ya moto na inalegeza gundi. Ikikauka itie oili nzito ya gia, uikamue kwa kuibana viganjani bila kuisokota. Mimi huifungua kila kilomita 1,000, na mapema zaidi vumbi likizidi.

Nimalizie kwa ndugu zetu wa boda. Naona vijana wengi wanatoa filta ili pikipiki "ifunguke kifua" na ivume. Ndugu yangu, pikipiki yako bado ni ya mkopo. Silinda ikilika kabla hujamaliza kulipa, deni linabaki na kazi imekwisha. Wale walio nyumbani wanaosubiri unga wa jioni hawatakula mlio. Na majirani wanaoswali Isha watakushukuru kwa kimya chako.

Ijumaa iliyopita nilimpakia mwanangu nyuma ya Honda ya babu yake, tukaenda taratibu hadi Makadara. Haikuvuma, na hakuna aliyegeuka kututazama. Iliwaka kwa teke la kwanza, ikaturudisha nyumbani.