Gari linatetemeka likisimama? Tatizo linaweza kuwa suporti za moteri

Gari linawaka bila shida asubuhi. Lakini shofere akiweka vitesi kwenye D na kubaki amekanyaga freni, usukani unatetemeka, viti vinacheza na plastiki za dashibodi zinalia. Akiongeza gesi kidogo, mtetemo unapotea. Wenye magari wengi wakiona hivyo hukimbilia kununua buji mpya au kusafisha enjekteri. Feza zinatoka, gari linaendelea kutetemeka.

Mara nyingi kosa liko chini kidogo, kwenye vipande vya chuma na mpira vinavyobeba moteri. Katika magaraji ya Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, mafundi huviita kwa Kifaransa support moteur, yaani suporti za moteri. Si piesi ambazo watu huzifikiria sana. Lakini zikiachwa mpaka zikatike kabisa, huharibu vitu vingine vyenye bei kubwa kuzishinda.

Kazi tatu za mpira mmoja

Moteri haifungwi moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Kati ya vyuma viwili huwekwa mpira mnene uliogandishwa navyo. Mpira huo una kazi tatu: kubeba uzito wa moteri pamoja na bwati ya vitesi, kuzuia mtetemo usiwafikie watu waliokaa ndani, na kuizuia moteri isijipinde kupita kiasi gari linapoondoka au kubadilisha vitesi.

Magari madogo ya familia ambayo moteri yake imelala kwa upana, kama Corolla au RAV4, huwa na suporti tatu au nne. Magari ambayo moteri imelala kwa urefu, kama Hilux au Prado, kwa kawaida huwa na mbili pembeni mwa moteri na moja chini ya bwati ya vitesi. Suporti nyingine zina maji maalum ndani yake yanayomeza mtetemo. Hizo zikipasuka, maji hutoka na kuacha alama nyeusi yenye unyevu.

Teknolojia hii ilipata umaarufu mwaka 1931, pale kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipouza magari ya Plymouth yenye moteri iliyokaa juu ya mpira. Mwaka uliofuata, Citroën ya Ufaransa ilitumia mfumo huohuo kwa ruhusa ya Chrysler, na ikaweka picha ya ndege bata-maji mbele ya magari yake ili kuonyesha kwamba moteri «inaelea».

Kukatika kwa suporti si jambo la kelele tu. Mwaka 1971, General Motors ya Marekani ililazimika kuita tena magari karibu milioni 6,7 ya Chevrolet. Suporti zake zilikuwa zinaweza kukatika, moteri ikanyanyuka na kuvuta mtambo wa gesi, gari likaongeza mwendo bila shofere kutaka. Magari ya leo yametengenezwa tofauti, lakini somo limebaki: moteri isiyoshikwa vizuri huvuta kila kitu kilichofungwa juu yake.

Kwa nini zinaisha haraka

Sababu ya kwanza ni barabara. Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mitaa mingi ina mawe makali na mashimo. Kila gari linapoanguka kwenye shimo, uzito wote wa moteri unashuka juu ya mpira ule.

Sababu ya pili ni umri. Magari mengi ya mashariki mwa nchi yametoka Japani yakiwa yametumika miaka mingi. Ndiyo maana usukani wake uko kuume wakati Kongo inaendesha upande wa kuume wa barabara. Mpira hukauka na kupasuka kwa sababu ya joto na miaka, hata kama gari halikutembea kilometa nyingi.

Sababu ya tatu, ambayo wengi hawaijali, ni mafuta. Mafuta ya moteri yakivuja kutoka kwenye jointi ya kifuniko cha juu na kudondokea suporti, mpira huvimba, unalainika na kuachana na chuma. Kuosha moteri kwa mazutu au esansi kunaleta madhara yaleyale. Kwa hiyo kubadilisha suporti bila kufunga uvujaji ni kutupa feza: mpya nayo itaoza.

Dalili na namna ya kuhakikisha

Dalili ya kwanza ni mtetemo gari likiwa limesimama huku moteri inazunguka, hasa vitesi vikiwa kwenye D. Ya pili ni mgongo mmoja mzito, «ko!», wakati wa kutoka R kwenda D, wakati wa kuondoka au kufunga freni. Ya tatu ni moteri kuinama upande mmoja, au bomba la moshi kuanza kugonga chini ya gari.

Lakini si kila mtetemo unatoka kwenye suporti. Kama unaanza tu gari likifika mwendo mkubwa barabarani, magurudumu yaangaliwe kwanza. Kama moteri yenyewe inakatakata, ralanti haitulii na nguvu zimepungua, hapo buji au enjekteri zinaweza kuwa na kosa kweli.

Kuhakikisha hakuhitaji mashine. Gari lisimame mahali tambarare, freni ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe mawe. Kapo ifunguliwe. Mtu mmoja anayejua kuendesha abaki kwenye usukani, mguu ukiwa umekanyaga freni kwa nguvu, kisha aweke D, halafu R, na gesi kidogo sana. Fundi aangalie akiwa pembeni. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Moteri kusogea kidogo ni kawaida. Ikiruka au ikigonga, kuna suporti iliyokatika. Baadaye, moteri ikiwa imezimwa, fundi amulike kila mpira kwa taa akitafuta mpasuko, unyevu au mahali mpira umeachana na chuma.

Dawa za kubabaisha

Wengine, kwa kuogopa gharama, hujaza pengo kwa vipande vya tairi la zamani au huchomelea vyuma pamoja. Kelele ya kugonga inaweza kupotea siku chache. Lakini chuma kikigusa chuma, mtetemo wote unaingia kwenye mwili wa gari: bolti zinalegea, nyaya zinachubuka, bomba la moshi linapasuka kwenye sehemu yake laini. Na suporti moja ikiisha, nyingine zinabeba mzigo wake na kuisha mapema.

Kununua suporti ya okazioni iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa pia kuna hatari, kwa sababu mpira wake unaweza kuwa na umri uleule wa ile iliyoharibika. Anayekwenda sokoni achukue ile ya zamani mkononi, pamoja na jina la moteri lililoandikwa kwenye kibao cha gari, kwa mfano 1NZ-FE au 1AZ-FE. Aseme pia kama bwati ni otomatiki au ya mkono, maana suporti zinaweza kutofautiana.

Wakati wa kufunga, moteri ishikiliwe vizuri kabla ya bolti kufunguliwa. Kriki ikiwekwa chini ya moteri, ubao uwekwe katikati ili chombo cha mafuta kisitoboke. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Suporti zibadilishwe moja baada ya nyingine, na bolti zikazwe mwisho, moteri ikiwa imekaa mahali pake bila kuvutwa upande.

Baada ya hapo, matunzo si mengi: kuangalia mipira kila mara mafuta ya moteri yanapobadilishwa, kufunga kila uvujaji mapema, kupita polepole kwenye mashimo na kutokanyaga gesi kwa ghafula. Ni uchunguzi wa dakika chache ambao mwenye gari anaweza kuuomba kwa fundi wake kabla ya kutoa feza kwa piesi yoyote nyingine.