Moto wa Mboji na Molasi ya Pipani

Wakulima wengi wa bustani huihukumu mboji kwa pua na kalenda: ikishakaa miezi mitatu, ikawa nyeusi na kunukia udongo, basi imeiva. Kwa rutuba, kipimo hicho kinatosha. Kwa usalama wa mlaji hakitoshi. Samadi ya ng'ombe au ya kuku inaweza kubeba Salmonela au ile E. koli hatari iitwayo O157, na bakteria hao hawana harufu ya kuwatambulisha. Katika samadi iliyopoa wanaweza kuishi miezi kadhaa. Kinachowaua kwa uhakika ni joto. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka mboji ya matuta ikae kwenye nyuzi 55 hadi 77 za Selsiasi kwa siku 15, na igeuzwe angalau mara tano katika muda huo. Huko kugeuza ndiko wengi wanakokwepa, nako ndiko kwenye uzito, kwa sababu pembezoni mwa rundo hubaki baridi hata katikati kukifuka mvuke. Asiye na kipimajoto huchomeka fimbo ndefu hadi katikati ya rundo. Akiichomoa baada ya siku chache, iwe ya moto kiasi cha kumfanya aiachie. Ikitoka vuguvugu, ama rundo ni dogo mno, ama limekauka, ama halina samadi na majani mabichi ya kutosha.

Watu watasema babu zetu walitia samadi mbichi shambani na hawakudhurika. Sawa, lakini mahindi huzaa juu, mbali na udongo, na mchicha hupikwa. Kachumbari haipikwi. Ndiyo maana kanuni hizo hizo zinataka samadi mbichi ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna zao la chakula linalogusana na udongo.

Hatari kubwa zaidi imo pipani. Desturi ya zamani ya kutengeneza mbolea ya maji ni kuning'iniza gunia la samadi ndani ya pipa la maji na kulikoroga kila baada ya siku chache. Siku hizi wapo wanaoloweka mboji iliyoiva, wakaongeza molasi na kupuliza hewa kwa pampu ili vijidudu vyema vizaliane. Molasi haichagui wa kumlisha. Mwaka 2007 watafiti Ingram na Millner walichapisha matokeo ya majaribio yao: E. koli O157 na Salmonela ziliongezeka katika maji ya mboji yaliyotiwa virutubisho vya ziada, yaliyopulizwa hewa na yasiyopulizwa. Pasipo virutubisho hivyo hazikuongezeka. Kwa hiyo hoja kwamba pampu hufukuza bakteria wabaya haina mashiko, maana hawa huishi penye hewa na pasipo hewa.

Wengine huhofia kwamba moto utaua na vijidudu vyema. Baadhi hufa, kweli, lakini rundo likipoa vingine hurudi, na wingi wao huwanyima bakteria wabaya chakula na nafasi. Koleo la samadi mbichi lisiguse mboji iliyoiva, wala kuku wasilale juu yake. Mwenye pipa aache molasi, alisugue kila baada ya kutumia, atie maji safi ya kunywa na mboji iliyopata moto, kisha amwagie shinani. Maji ya samadi mbichi yapelekwe kwenye migomba. Saladi na nyanya za kachumbari tafadhali ziepushwe nayo.