Jambazi Si Mkombozi

Mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1934, watu wasiopungua 20,000 walikusanyika katika kijiji kidogo cha Akins, jimbo la Oklahoma, Marekani, ili kumzika mtu mmoja. Hakuwa gavana wala mhubiri. Alikuwa mnyang'anyi wa benki, Charles Floyd, ambaye magazeti yalimwita Pretty Boy, yaani kijana mtanashati, jina alilolichukia mwenyewe. Wapelelezi wa serikali na askari walikuwa wamemwua kwa risasi huko Ohio tarehe 22 ya mwezi huo. Yafaa tujiulize: kwa nini umati wa namna ile ulimwendea mwizi?

Jawabu limo katika hali ya nchi yao. Floyd alizaliwa Georgia mwaka wa 1904, akalelewa Akins katika nyumba ya mkulima. Zaidi ya nusu ya wakulima wa Oklahoma hawakuwa na ardhi. Walilima mashamba ya wengine na kuwapa wenyewe sehemu ya mavuno. Uchumi wa dunia ulipoporomoka kuanzia 1929, bei ya pamba ilianguka kutoka senti 17 hivi kwa ratili hata kufikia senti 6. Msiba huo huo ndio ulioangusha bei ya mkonge wa Tanganyika, vibarua wakakosa kazi. Kwa hiyo habari hii si ngeni kwetu. Huko Marekani benki zipatazo 9,000 zilifungwa kati ya 1930 na 1933, na akiba za wanyonge wengi zikapotea. Benki zilizosalia ziliendelea kuchukua mashamba yaliyowekwa rehani.

Mfa maji hukamata maji. Tarehe 1 Novemba, 1932, Floyd aliingia Sallisaw, mji mkuu wa wilaya yake, akaiba katika benki zaidi ya dola 2,000 mchana kweupe, mbele ya watu waliomjua tangu utoto. Walisimulia kwamba alichana hati za rehani ili wadeni waokoke. Hadithi hiyo haikuthibitishwa kamwe, lakini wenye njaa waliipenda. Huko Mooresville, Indiana, nako wakazi walitia sahihi zao katika maombi kwa gavana kwamba John Dillinger, mnyang'anyi aliyewahi kuishi kwao, asamehewe. Aliyesoma Injili atamkumbuka Baraba.

Basi tupime kwa mizani ya haki. Bima ya serikali ya kulinda akiba ilianza tarehe 1 Januari, 1934. Kabla ya hapo, hasara ya benki ndogo iliweza kumwangukia jirani aliyeweka humo senti zake. Mwezi wa Aprili, 1932, Floyd alimwua mtu wa Oklahoma hiyo hiyo, aliyekuwa zamani mkuu wa polisi wa wilaya. Bastola yake haikufuta sheria hata moja ya ardhi wala haikupunguza riba. Kinyume chake, mwaka wa 1934 Bunge la Marekani lilipitisha sheria zilizowapa wapelelezi wa serikali ruhusa ya kuchukua silaha na kukamata watu. Mkono wa dola ulizidi nguvu. Mkulima alibaki alipokuwa.

Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo, katika jimbo jirani la Arkansas, watu 18 walikutana mjini Tyronza. Kumi na mmoja walikuwa weupe na saba weusi, nao wote walikuwa wameonja dhuluma ya wenye mashamba ya pamba. Wakaunda Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini. Walipigwa, wakafukuzwa katika nyumba zao, hata kupigwa risasi. Hata hivyo, mwaka wa 1935 wachuma pamba waligoma kwa umoja, na katika sehemu nyingi ujira ukapanda. Matawi yao yalifika hata Oklahoma.

Hapana shaka dhuluma huzaa majambazi, na mnyonge huwaona kuwa mashujaa kwa kuwa humwaibisha anayemwonea. Lakini jambazi hugawa nyara kwa siku moja, naye hamwulizi mtu shauri. Chama hudai haki kwa jina la wote, na kiongozi akianguka mwingine hushika nafasi yake. Wafanyakazi wenzetu, tunapoona vijana wakimsifu mnyang'anyi, tusiwakemee tu. Tuwaulize wanadhulumiwa na nani, kisha tuwaandikishe katika chama.