Mbao Zilizotupwa na Matumizi Yake Nyumbani

Mbao zilizotupwa ni malighafi ya samani nyingi katika vitongoji vya Dar es Salaam vilivyo jirani na viwanda. Kiwalani, kata ya wilaya ya Ilala iliyo kandokando ya Barabara ya Nyerere, si mbali na uwanja wa ndege, imekaa mahali pazuri kwa jambo hili. Viwanda na maghala ya barabara hiyo hupokea mizigo iliyopangwa juu ya mapaleti au kufungwa ndani ya makasha, na mzigo ukishashushwa mbao hubaki bila kazi. Chanzo kingine ni ujenzi: zege likishakomaa na mirunda kuondolewa, husalia vipande vifupi visivyofaa kufungia tena. Halafu kuna majumbani kwenyewe, kwenye vitanda vilivyovunjika chaga, milango ya zamani na fremu za madirisha.

Vyanzo hivi havilingani kwa thamani. Fremu kuukuu ya mninga au mkongo ndiyo ya kugombaniwa, kwa kuwa ubao wake ni mgumu, umekauka kwa miaka mingi na hautarajiwi kupinda tena. Paleti aghalabu ni ya msonobari, mti wa jamii ile inayopandwa Sao Hill, Mufindi. Ni laini na hukatika kirahisi, lakini mchwa huupenda. Mbao ya zege hubaki na saruji iliyoganda, na saruji hiyo isipokwanguliwa yote huharibu kisu cha randa.

Kabla ya kubeba paleti, isomwe. Iliyotoka nje ya nchi kwa kawaida huwa na mhuri pembeni, unaotokana na kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002 iitwayo ISPM 15, iliyowekwa ili wadudu wa mbao wasisafiri na mizigo. Mhuri una mchoro wa suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka na alama ya namna mbao ilivyotibiwa. HT ni mbao iliyopashwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi kwenye kiini, kwa dakika 30 mfululizo, bila dawa. MB ni iliyofukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu. Hiyo haifai kuingizwa ndani ya nyumba. Hata hivyo, mhuri hausemi paleti ilibeba nini baadaye. Doa la mafuta au harufu kali ya kemikali ni sababu tosha ya kuiacha, hata kama ina HT. Vipande vya nguzo za umeme navyo viepukwe, maana hulowekwa dawa kali, na kuvipikia ni hatari zaidi kwa sababu ya moshi wake.

Paleti kuwa nje ya geti si ushahidi kwamba imetupwa. Mapaleti mengine hurudishwa kwa mwenye mzigo, kwa hiyo ruhusa ya msimamizi hutangulia.

Kazi kubwa ni kuibomoa. Misumari ya paleti mara nyingi ina mikunjo inayoshika ndani ya mbao, na anayeivuta kwa nyundo huishia kupasua ncha za ubao. Njia yenye hasara ndogo ni kupenyeza ubapa wa msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo la chini, kisha kuukata msumari palepale. Kichwa chake hubaki juu ya ubao kama kidoa cheusi, na wengine hukiacha makusudi kama pambo. Misumari yote iliyobaki itafutwe kwa sumaku kabla ya kupiga randa.

Baada ya hapo mbao hupangwa kivulini, vijiti vikiwekwa katikati ili hewa ipite. Iliyookotwa wakati wa masika husubiri majuma kadhaa. Ikiundwa ikiwa mbichi, viungo hulegea kiangazi kikifika. Unga laini unaodondoka kwenye vitundu vidogo ni dalili ya wadudu, na ubao huo hautengwi tu, hutolewa kabisa nje. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu karibu na watoto, kwani huenda ina madini ya risasi.

Anayetaka kabati la sebuleni aende kwa mafundi wa samani wa Keko, jijini humo, akanunue ubao mpya. Atatumia muda mfupi zaidi. Kwa stuli, rafu, banda la kuku au meza ya genge, paleti yenye HT iliyokauka vizuri inatosha.