Unachora theluji? Rangi nyeupe iache mwisho

Mtu akiambiwa achore theluji, mkono unakimbilia tyubu nyeupe. Hapo ndipo wengi wanapochemsha: picha ikikamilika, theluji inaonekana kama sehemu ya kanvasi iliyosahauliwa kupakwa rangi.

Theluji haina mwanga wake, inarudisha tu mwanga unaoipiga. Upande wa jua unapata umanjano kidogo, jioni hata upinki. Kivulini, ambako jua halifiki, mwanga unatoka angani, na anga isiyo na mawingu ni ya bluu. Kwa hiyo kivuli kwenye theluji nacho kinakuwa cha bluu, siyo cheusi.

Mfaransa Claude Monet alilionyesha hilo kwenye La Pie, picha aliyoichora karibu na Étretat majira ya baridi ya 1868–1869. Ndege mmoja wa jamii ya kunguru ametua kwenye lango, na kivuli cha ua kimelala juu ya theluji, bluu kabisa. Majaji wa maonyesho ya Salon, Paris, waliikataa mwaka 1869. Leo iko Musée d'Orsay.

Monet alitumia rangi za mafuta, ambazo hukaa mbichi kwa siku kadhaa. Akriliki haina subira hiyo. Tabaka jembamba linakauka ndani ya dakika chache, tena likikauka linakolea kidogo, kwa hiyo changanya rangi iwe nyepesi kuliko unavyotaka. Kwa anayeanza, huo ukaukaji ni msaada, maana unapaka juu ya tabaka la kwanza siku hiyohiyo bila kuchafua kitu.

Anza kwa kupaka kanvasi nzima bluu iliyopoa, yenye ukijivu. Fuata anga, halafu miti ya mbali, hafifu kuliko ya karibu. Vivuli vya theluji vinataka nyeupe, bluu na kahawia kidogo sana ya kuituliza. Panapopigwa na jua, nyeupe yenye chembe ya njano. Nyeupe tupu inakuja mwisho kabisa, sehemu chache tu: juu ya matawi, kwenye kingo za ua.

Theluji inayodondoka? Chovya mswaki wa zamani kwenye nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, kisha ukwaruze kwa kidole gumba irukie picha. Jaribu kwanza kwenye karatasi, matone makubwa yanaharibu kila kitu. Na brashi zioshwe papo hapo, kwani akriliki ikishakaukia humo, maji hayaitoi tena.