MCHANGO WA MTU WA MBALI UNAMFIKIAJE MWANAO?



Huenda umesikia kwenye foleni ya maji: "Wanachangiwa fedha nyingi kwa ajili ya watoto wetu, mbona sisi tunaona sindano na pakiti tu?" Swali hilo ni la haki. Karatasi hii inalijibu kwa mfano wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1971.

Fedha zinatoka wapi?

Zaidi ya asilimia 95 ya fedha za MSF hutolewa na watu na taasisi binafsi, wengi wao kidogo kidogo. Kwa hiyo shirika halingoji serikali iamue ndipo liende kwa wagonjwa. Mwaka 2016 lilikataa fedha za Umoja wa Ulaya kwa kupinga siasa yake juu ya wakimbizi.

Kwa nini vifaa vinunuliwe mapema?

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma, kipindupindu na kuhara damu viliwakumba. Watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Ugonjwa kama huo haungoji vifaa viagizwe. Ndiyo maana MSF ina ghala karibu na Bordeaux, Ufaransa, lenye makasha yaliyokwisha kufungwa: maji ya dripu, ORS, dawa ya kusafisha maji na vinginevyo. Kasha likifika, kazi huanza siku hiyohiyo.

Kwa nini chanjo ya surua hutangulizwa?

Kambini watu hukaa kwa kubanana na surua huenea upesi. Chanjo yake ni ya bei nafuu kuliko kumtibu mtoto aliyekwisha kuugua. Wakati wa dharura huchanjwa watoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 15. Dawa lazima itunzwe kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Chupa moja kwa kawaida huchanja watoto 10, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Ndiyo sababu mnaitwa pamoja, siku moja.

Kwa nini pakiti badala ya kulazwa?

Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa kwa wiki kadhaa akinywa maziwa maalumu, na mama akawaacha wenzake nyumbani. Mwaka 1996 kilibuniwa chakula cha karanga, maziwa, sukari, mafuta na vitamini, kisichohitaji maji wala moto. Pakiti moja ina kalori 500. Sasa mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mzito hutibiwa nyumbani, na vitanda hubaki kwa walio mahututi. Kwa njia hiyo MSF iliweza kutibu zaidi ya watoto 60,000 nchini Niger mwaka 2005.

Pakiti ni dawa. Ikiuzwa sokoni au ikigawanywa kwa watoto wanne, mgonjwa hatapona. Tunajua ni vigumu kumlisha mmoja huku wengine wakitazama. Walete nao wapimwe mkono. Utepe ukionyesha nyekundu, yaani chini ya milimita 115, naye ana haki ya kutibiwa.

Wewe ufanye nini?

1. Tunza kadi ya mtoto, uje nayo kila mara. Bila kadi, mtoto huweza kupewa dawa mara mbili au asipewe kabisa.
2. Fika siku uliyopangiwa, hata kama mtoto ameanza kucheza.
3. Rudisha pakiti tupu ili mhudumu ajue mtoto amekula ngapi.
4. Matibabu ya MSF ni bure. Mtu akikudai chochote, mwambie msimamizi wa zahanati au kiongozi wa mtaa wako.

Aliyechanga hakuoni wala hamjui mwanao. Wewe ndiwe unayeona kama mchango wake umefika. Usipoelewa, uliza.