Mawingu ya Edward Quin

Ramani za kila siku huonyesha nchi jinsi zilivyo sasa. Lakini mtu asomaye tarehe ataka ramani za namna nyingine, zionyeshazo nchi jinsi zilivyokuwa kale. Maana falme huinuka na kuanguka, na mipaka huhama. Katika Ulaya, mmoja wa watu wa kwanza kupiga chapa ramani kama hizo alikuwa Abraham Ortelius wa mji wa Antwerp. Mwaka 1579 alitia ramani za nchi za kale katika kitabu chake, na mojawapo ilionyesha safari za Mtume Paulo.

Miaka mia mbili na hamsini ilipopita, wakili mmoja Mwingereza, jina lake Edward Quin, alizua shauri jipya. Alitengeneza ramani 21, zote za dunia ile ile, kila moja ya wakati wake. Na kila nchi aliyodhani ya kuwa haijajulikana wakati huo, aliifunika kwa mawingu meusi. Ramani ya kwanza ni ya Gharika, ambayo watu wengi wa siku zile waliihesabu kuwa mwaka 2348 kabla ya Kristo. Karibu yote ni giza, ila pana mwanga kidogo tu. Msomaji akifunua kurasa, mawingu yarudi nyuma kidogo kidogo, mfano wa ukungu uondokao bondeni asubuhi. Hata katika ramani ya mwaka 1498, Amerika nayo yaanza kuonekana. Kitabu kilitoka London mwaka 1830, lakini Quin hakukiona, kwani alikwisha kufa mwaka 1828.

Kazi hiyo yapendeza macho, na hata mtoto huielewa mara moja. Lakini je, mawingu yale yalifunika macho ya nani? Yapata mwaka 1325 Waazteki walianza kujenga mji wao, Tenochtitlan, kisiwani katikati ya ziwa, hapo ulipo sasa mji wa Mexico. Walilima, walifanya biashara, na habari zao waliziandika kwa picha. Zamani zaidi, Wamaya walikuwa wamejenga miji ya mawe na kuzitazama nyota ili wahesabu siku. Katika kitabu cha Quin nchi zao zote zilikaa chini ya wingu mpaka merikebu za Wazungu zilipofika. Wenyeji walijua vema mahali walipokaa. Waliokuwa gizani ni watu wa Ulaya.

Siku hizi wachora ramani za kale hutafuta habari katika maandishi ya wenyeji wenyewe, na katika vigae na misingi ya nyumba iliyofukuliwa ardhini. Na mpaka usiojulikana kwa hakika, mara nyingi huuchora kwa nukta nukta tu.